Magari yasiyo na dereva: Hofu ya ajali yapungua, hofu ya siri yapanda bei

BEI ya hisa za kampuni ya magari ya Tesla ilipanda kwa asilimia 15 katika siku moja, Aprili 29, 2024, kwenye soko la hisa la Nasdaq nchini Marekani. Siku hiyo kampuni haikutoa gari jipya wala haikutangaza faida. Tena wiki iliyotangulia ilikuwa imewaeleza wanahisa wake kuwa faida ya miezi mitatu ya kwanza ya mwaka huo ilishuka kwa asilimia 55.

Kilichopandisha bei ni habari kutoka Beijing. Siku moja kabla, chama cha watengenezaji wa magari cha China kilikuwa kimetangaza kuwa magari ya Tesla yanayotoka kiwanda cha Shanghai yametimiza masharti ya nchi hiyo kuhusu utunzaji wa taarifa zinazokusanywa na magari. Ziliambatana na hiyo habari za makubaliano ya kutumia ramani za kampuni ya Baidu. Wanunuzi wa hisa walielewa haraka: kikwazo cha kamera kilikuwa kimelegea, na huenda Tesla ingeruhusiwa kuuza nchini China programu yake ya kuendesha gari.

Miaka mitatu kabla ya hapo, mambo yalikwenda kinyume kwa kampuni ya teksi ya DiDi ya China. DiDi iliingia kwenye soko la hisa la New York Juni 30, 2021 na kukusanya dola bilioni 4.4. Siku mbili baadaye idara ya China inayosimamia mtandao ilianza kuichunguza, kisha ikaagiza programu yake iondolewe kwenye maduka ya programu za simu kwa sababu ya namna ilivyokusanya taarifa za watu. Soko lilipofunguliwa Julai 6, baada ya sikukuu ya Marekani, hisa zilishuka kwa karibu asilimia 20. Juni 2022 DiDi iliondoka New York, na mwezi uliofuata ikatozwa faini ya yuan bilioni 8.026, sawa na dola bilioni 1.2 hivi. Aliyenunua hisa hizo siku ya kwanza kwa dola 14 alikuwa amenunua pia kesi asiyoijua.

Teksi nyingi za DiDi zilikuwa na madereva wa kawaida, lakini somo ni lile lile kwa mwenye kununua hisa za magari yanayojiendesha. Soko limezoea kuyapima magari hayo kwa kipimo cha ajali: yamegonga wangapi, yamesimamishwa wapi, kibali kimetoka lini. Kipimo hicho ni cha haki. Kipo hata hivyo kipimo cha pili, nacho ni nani anayeshika kumbukumbu za kile ambacho gari limekiona. Hofu ya kwanza hupungua kadiri wananchi wanavyoyazoea magari. Hofu ya pili huongezeka kadiri magari hayo yanavyoongezeka barabarani, na mahali pa kuiona katika hesabu za makampuni ni padogo sana.

Gari lenye macho 29

Gari linalojiendesha halina uchawi. Lina kamera, rada, na vifaa vinavyopima umbali kwa miale ya leza, vyote vikiunganishwa na kompyuta ambayo huamua lini kupiga breki na lini kukata kona. Gari la Jaguar I-PACE linalotumiwa na Waymo, kampuni tanzu ya Alphabet inayomiliki pia Google, lina kamera 29, rada 6 na vifaa 5 vya leza. Zipo pia kamera za ndani, ambazo kampuni inasema ni za kuangalia usafi wa gari, vitu vilivyosahaulika na usalama wa abiria.

Bila macho hayo gari haliendi. Hapa ndipo biashara hii inapotofautiana na nyingine: duka linaweza kuondoa kamera na bado likauza sukari, lakini teksi isiyo na dereva ikifunikwa macho inakuwa chuma kilichoegeshwa. Kwa hiyo swali la kama gari lipige picha au lisipige halipo. Maswali yaliyopo ni picha zinakaa muda gani, zinapelekwa wapi, na anayezitaka anapitia mlango gani.

Aliyewahi kununua gari lililotumika kutoka Japani anaifahamu ile sauti ya mwanamke inayozungumza Kijapani kila gari linapowashwa, ikikumbusha kuwa kadi ya kulipia barabara haijawekwa. Gari hilo linalikumbuka lilikotoka, ila linakumbuka peke yake. Halina wa kumsimulia. Gari la kisasa lina laini ya simu ndani yake. Wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye kata, na kata ya siku hizi inapiga simu makao makuu.

Ajali na imani ya wananchi

Chama cha wenye magari cha Marekani, AAA, huwauliza madereva kila mwaka kama wanaogopa kupanda gari linalojiendesha. Mwaka 2022 waliosema wanaogopa walikuwa asilimia 55. Mwaka 2023 walifika asilimia 68, mwaka 2024 wakawa asilimia 66 na mwaka 2025 asilimia 61. Waliosema wangeliamini gari hilo mwaka 2025 walikuwa asilimia 13 tu. Kwa mfanyabiashara, bidhaa inayoaminiwa na wateja 13 kati ya 100 bado haijafika sokoni; ipo bandarini inasubiri kutolewa.

Hofu hiyo ina chanzo. Machi 18, 2018, gari la majaribio la Uber lilimgonga na kumuua mwanamke aliyekuwa akivuka barabara huku akisukuma baiskeli katika mji wa Tempe, Arizona. Ndani ya gari alikuwamo mtu aliyewekwa kulisimamia. Kilikuwa kifo cha kwanza cha mtembea kwa miguu kusababishwa na gari la aina hiyo. Uber ilisimamisha majaribio, na Desemba 2020 ikaikabidhi idara yake ya magari hayo kwa kampuni ya Aurora, tena ikaongeza dola milioni 400 kama mtaji wake ndani ya kampuni hiyo. Ni mara chache muuzaji humlipa mnunuzi.

Ford na Volkswagen nao waliifunga kampuni yao ya Argo AI Oktoba 2022, na Ford ikafuta dola bilioni 2.7 kwenye vitabu vyake vya hesabu. Sababu zao zilihusu zaidi muda na fedha kuliko ajali yoyote.

Lakini kisa cha Cruise ndicho kinachostahili kusomwa polepole, kwa kuwa hofu zote mbili zimekutana humo. General Motors iliinunua Cruise mwaka 2016, na katika mkutano na wawekezaji mwaka 2021 ilisema kampuni hiyo tanzu ingeweza kuingiza dola bilioni 50 kwa mwaka ifikapo mwishoni mwa muongo. Agosti 10, 2023, tume inayosimamia huduma za umma katika jimbo la California iliziruhusu Cruise na Waymo kubeba abiria kwa malipo mchana na usiku katika jiji lote la San Francisco. Ilionekana kama mlango umefunguka.

Oktoba 2, 2023, mwanamke aliyekuwa akivuka barabara jijini humo aligongwa na gari lililoendeshwa na mtu, akarushwa mbele ya gari la Cruise. Gari la Cruise nalo lilimgonga na kusimama. Kisha, likijaribu kwenda pembeni mwa barabara kama lilivyofundishwa, likamburuta kwa takriban mita 6. Alinusurika na majeraha makubwa.

Ajali yenyewe ilianzishwa na dereva wa gari jingine, aliyekimbia. Kampuni ingeweza kuelezea hivyo na kusikilizwa. Tatizo lilikuwa picha. Gari lilikuwa limerekodi kila kitu, pamoja na zile sekunde za kuburuta, lakini idara ya magari ya California ilisema haikuonyeshwa sehemu hiyo katika mkutano wa kwanza. Cruise ilipinga. Wanasheria waliokodiwa na kampuni yenyewe kuchunguza waliripoti Januari 2024 kuwa mtandao ulikuwa ukikwama wakati picha zikionyeshwa, na kwamba viongozi waliacha picha ijieleze bila wao kufungua kinywa kusema kilichotokea. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Oktoba 24, 2023 kibali kilisimamishwa, mwezi uliofuata mkurugenzi mkuu akajiuzulu, na Desemba karibu robo ya wafanyakazi wakaachishwa kazi.

Faini zilizofuata zilikuwa ndogo kwa viwango vya makampuni hayo: dola milioni 1.5 kwa wakala wa usalama barabarani wa serikali kuu, dola 500,000 kwa kosa la kutoa taarifa ya uongo kwa wachunguzi, na dola 112,500 kwa tume ya California. Jumla haifiki hata dola milioni 2.2. Lakini Desemba 10, 2024, General Motors ilitangaza kuacha kuigharamia biashara ya teksi zisizo na dereva baada ya kutumia zaidi ya dola bilioni 10. Ilitaja muda na fedha zinazohitajika pamoja na ushindani. Ushindani huo ulikuwa na jina, kwani wakati magari ya Cruise yakiwa yamefungiwa, ya Waymo yalikuwa yakibeba abiria.

Waymo iliripoti safari 100,000 za kulipiwa kwa wiki Agosti 2024, na kufikia Aprili 2025 zilikuwa 250,000. Oktoba 2024 ilipata mtaji wa dola bilioni 5.6, kwa thamani ya kampuni iliyozidi dola bilioni 45. Kampuni ya bima mtawanyo ya Swiss Re, katika utafiti uliotolewa Desemba 2024 kuhusu maili milioni 25.3 za magari hayo, iliona madai ya uharibifu wa mali yako chini kwa asilimia 88 na madai ya majeruhi yako chini kwa asilimia 92 ukilinganisha na madereva wa kawaida. Utafiti huo ulifanywa kwa kushirikiana na Waymo yenyewe, jambo ambalo msomaji makini hatalisahau. Hata hivyo kampuni ya bima ndiyo hulipa madai, haina faida kubwa ya kujidanganya.

Imani haiji kwa takwimu peke yake. Oktoba 2025 gari la Waymo lilimuua paka aliyeitwa KitKat, aliyekuwa akipendwa sana na wateja wa duka moja katika eneo la Mission jijini San Francisco. Watu waliweka maua na mishumaa, na diwani wa eneo hilo akadai wananchi wapewe haki ya kupiga kura kama wanayataka magari hayo katika mitaa yao. Paka wangapi hugongwa na madereva wa kawaida kwa wiki hakuna aliyehesabu. Ndivyo soko la imani lilivyo: kosa la mtu husamehewa, kosa la mashine huwekewa mishumaa.

Picha ni za nani?

Turudi kwenye picha za Cruise. Zilikuwepo, zilikuwa wazi, na zilikaa mikononi mwa kampuni moja. Aliyeburutwa hakuwa nazo, idara ilisema haikuonyeshwa zote, na wapita njia walioonekana humo hawakuulizwa. Hapo ndipo hofu ya ajali inapoungana na hofu ya faragha. Anayeshika kumbukumbu ndiye anayeamua zionekane lini.

Polisi waliliona hilo mapema. Hati ya mafunzo ya polisi wa San Francisco iliyojulikana hadharani mwaka 2022 ilieleza kuwa magari hayo hurekodi mazingira yake muda wote na yanaweza kusaidia upelelezi. Mwaka 2023 ilibainika kuwa hati za upekuzi zilikwishatolewa kudai picha hizo kutoka Waymo na Cruise. Aprili 2025 polisi wa Los Angeles walitangaza picha ya video iliyotoka kwenye gari la Waymo, wakimtafuta dereva aliyemgonga mtu na kukimbia. Wengi wangesema ni jambo jema, maana mhalifu huyo anapaswa kukamatwa. Lakini wananchi waliona pia kuwa teksi iliyopita mbele ya nyumba yao ni shahidi asiyesahau.

Juni 2025, wakati wa maandamano ya kupinga misako ya wahamiaji mjini Los Angeles, magari ya Waymo yapatayo matano yalichomwa moto katikati ya jiji. Kampuni ilisimamisha huduma katika eneo hilo. Baadhi ya watu walieleza hasira yao kwa kutaja kamera: waliyaona magari hayo kama macho ya dola, ingawa kampuni husema haitoi picha bila kufuata taratibu za kisheria. Gari jingine lilikwishachomwa San Francisco Februari 2024 katika sherehe za mwaka mpya wa Kichina, na huko hakukuwa na maandamano wala madai yoyote. Si kila moto una hoja.

Hatari haitoki kwa polisi tu. Aprili 2023 shirika la habari la Reuters liliripoti kuwa kati ya mwaka 2019 na 2022 wafanyakazi wa Tesla walikuwa wakitumiana picha zilizonaswa na kamera za magari ya wateja, nyingine za aibu, kwa kuchekeshana. Desemba 2024 iligundulika nchini Ujerumani kuwa kampuni tanzu ya programu ya Volkswagen iliacha bila ulinzi taarifa za magari ya umeme yapatayo 800,000, na kwa takriban 460,000 kati ya hayo ilikuwa rahisi kujua yalikoegeshwa. Magari ya polisi wa Hamburg yalikuwemo. China, kwa upande wake, ilikwisha kuyazuia magari ya Tesla kuingia katika maeneo ya jeshi mwaka 2021. Ndiyo maana tangazo la Aprili 2024 lilikuwa na thamani ya asilimia 15.

Senti 26 kwa gari

Mwekezaji anaweza kuuliza: kama taarifa za magari zina hatari hivi, makampuni yanapata nini kwa kuziuza? Jibu lilitolewa na maseneta wawili wa Marekani, Ron Wyden na Edward Markey, katika barua yao ya Julai 2024 kwa tume ya biashara ya nchi hiyo, FTC. Kampuni ya Honda ilikuwa imetoa taarifa za magari 97,000 kwa Verisk, dalali wa taarifa anayehudumia makampuni ya bima, na kulipwa dola 25,920 katika miaka sita. Hiyo ni senti 26 kwa gari. Hyundai ilitoa za magari milioni 1.7 na kulipwa dola 1,043,315.69, sawa na senti 61 kwa gari.

Hesabu hiyo inatosha kumshangaza muuza karanga. Honda, kampuni inayouza mamilioni ya magari kwa mwaka, iliweka rehani uaminifu wa wateja wake kwa fedha ambazo hazitoshi kununua gari moja jipya la wastani nchini Marekani.

General Motors iliingia ndani zaidi. Machi 2024 gazeti la New York Times lilieleza kisa cha mwenye Chevrolet Bolt mmoja ambaye ada yake ya bima ilipanda kwa asilimia 21 bila kupata ajali. Alipodai jalada lake kwa dalali wa taarifa LexisNexis, alipewa kurasa 258. Zaidi ya 130 kati yake zilikuwa orodha ya safari zake za miezi sita, na kila mara gari lilipopiga breki kwa nguvu au kuongeza mwendo ghafla. Taarifa zilitoka kwenye gari lenyewe. Wateja wengi hawakujua kuwa walijiunga na mpango uliojulikana kama Smart Driver.

Ndani ya mwezi huo huo General Motors iliacha kuwapelekea madalali taarifa hizo, na baadaye mpango wenyewe ukafungwa. Agosti 2024 mwanasheria mkuu wa Texas aliifungulia mashtaka, akidai kuwa taarifa za wakazi wa jimbo hilo zaidi ya milioni 1.8 ziliuzwa. Januari 2025 FTC ilitangaza makubaliano yanayoizuia kampuni kwa miaka mitano kutoa taarifa za mahali na mwenendo wa madereva kwa makampuni yanayotunza kumbukumbu za wateja. FTC ilisema taarifa za mahali zilikuwa zikichukuliwa hata kila baada ya sekunde tatu.

Magari hayo ya Chevrolet yaliendeshwa na watu. Hiyo ndiyo sababu kisa hicho ni kizito kwa biashara ya magari yanayojiendesha. Mkutano ule wa 2021 ulioahidi dola bilioni 50 kutoka Cruise uliahidi pia dola bilioni 20 hadi 25 kwa mwaka kutoka huduma za programu ndani ya magari ifikapo 2030. Ahadi zote mbili zilisimama juu ya mteja kukubali gari lijue mambo yake. Ahadi ya kwanza imekwisha, na ya pili inabidi ipite kwenye masharti ya FTC.

Hesabu za mwenye hisa

Soko lenyewe bado linapiga kelele kwa matukio ya jukwaani. Oktoba 11, 2024, siku iliyofuata onyesho la teksi mpya ya Tesla, hisa za kampuni hiyo zilishuka kwa karibu asilimia 9, huku za Uber zikipanda kwa zaidi ya asilimia 10. Juni 23, 2025, siku ya kwanza ya soko baada ya Tesla kuanza kubeba abiria mjini Austin, zilipanda kwa asilimia 8 hivi, ingawa kila gari lilikuwa na mfanyakazi wa kampuni ameketi kiti cha mbele cha abiria. Mwenye kununua na kuuza kwa siku anaweza kupata riziki hapo. Mwenye kuweka akiba ya miaka mitano afadhali aache jukwaa aende kwenye taarifa ya mwaka, sehemu ya mashauri yaliyo mahakamani na sehemu ya hatari za biashara, zilizochapwa kwa herufi ndogo. Huko ndiko General Motors ilikolazimika kuandika habari za madereva walioishtaki.

Jingine la kutazama ni mipaka. Januari 2025 wizara ya biashara ya Marekani ilitoa kanuni inayopiga marufuku programu za China na Urusi katika magari yaliyounganishwa na mtandao, kuanzia magari ya toleo la mwaka 2027. Sababu iliyotolewa ni hofu kuwa magari hayo yanaweza kukusanya siri za nchi, hoja ile ile ambayo China iliitumia dhidi ya Tesla. Makampuni ya China ya WeRide na Pony.ai yaliuza hisa Nasdaq Oktoba na Novemba 2024, hivyo Mmarekani anaweza kumiliki hisa za kampuni ambayo programu yake haitaruhusiwa kwenye barabara ya nyumbani kwake. WeRide imeelekea Ghuba. Desemba 2024 ilianza kubeba abiria Abu Dhabi kwa ushirikiano na Uber. Katika nchi ambako serikali ndiyo inayokaribisha magari, swali la faragha haliulizwi kwa sauti kubwa, na bei ya hisa huenda ikafurahia ukimya huo kwa muda.

Kwa wafanyabiashara wa Dar es Salaam na Mombasa teksi isiyo na dereva haijafika, lakini gari lenye kumbukumbu limefika. Kenya ina sheria ya ulinzi wa data tangu 2019. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, ikiwa na tume ya kuisimamia. Mwenye teksi za mtandao, mwenye kampuni ya bima na mwenye mabasi anayefuatilia magari yake kwa mitambo wote wanakusanya mienendo ya watu, na wote wanaguswa na sheria hizo.

Waagizaji wa magari yaliyotumika nao wana lao. Mei 2023 Toyota ilikiri kuwa taarifa za magari ya wateja wapatao milioni 2.15 nchini Japani zilikuwa zimeachwa wazi kwenye mtandao kwa takriban miaka kumi, tangu Novemba 2013 hadi Aprili 2023, kwa sababu ya kosa la mpangilio wa kompyuta. Kilichokuwa wazi ni mahali gari lilipo, saa, na namba ya chesisi. Kenya hairuhusu kuingiza magari yenye umri wa zaidi ya miaka minane, kwa hiyo mengi yanayoshushwa Mombasa kutoka Japani yalitembea huko ndani ya kipindi hicho. Namba ya chesisi haibadiliki gari likivuka bahari. Ndiyo ile ile anayoinakili mwagizaji anapolipia ushuru, na ndiyo anayoiandika wakala wa bima kwenye stakabadhi.